Leicester haikuanzia kwa Amin

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila mwezi wa Agosti magazeti yetu hukumbusha habari za Waasia waliofukuzwa Uganda na Rais Idi Amin mwaka 1972, na Leicester, mji wa Uingereza, hutajwa kana kwamba ni wao peke yao walioibadilisha: walifika mikono mitupu, wakafungua maduka, wakatajirika. Mimi naishi huku Belgrave, mtaa wa Leicester, katikati ya wazee waliozaliwa Kisumu, Kampala, Tanga na Unguja. Wanayoyakumbuka ni mengi kuliko hayo, na inaniuma kuona yanazikwa nao.

Kwanza, Amin aliwakuta wenzao wameshafika. Wapo waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964. Wa Kenya walianza kuhama kwa wingi mwaka 1967, zilipokuja sheria mpya za leseni za biashara na vibali vya kazi zilizowabana wasio raia. Mwanzoni mwa 1968 wakamiminika kwa haraka, maana Uingereza ilikuwa mbioni kuwafungia mlango hata wale wenye pasipoti zake, na sheria hiyo ilipita bungeni kwa siku tatu tu. Wa Tanzania nao wakafuata serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971. Ndiyo maana halmashauri ya Leicester ilipotoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, kuwasihi watu wasije kwa sababu nyumba, shule na huduma za afya zimeelemewa, tangazo halikufua dafu. Mtu wa Kampala alikuwa tayari ana shemeji au binamu Leicester. Angekwenda wapi kwingine?

Pili, na hapa ndipo pananigusa zaidi, walivutwa na viwanda. Leicester ilikuwa mji wa soksi, fulana, sweta na viatu. Kiwanda cha Corah peke yake kiliajiri maelfu, na nguo zake ziliuzwa katika maduka ya Marks & Spencer nchi nzima. Wanawake waliokuwa na yaya na mpishi kule Nakuru au Jinja walijikuta nyuma ya cherehani, wakilipwa kwa idadi ya vipande walivyoshona. Waume zao, hata waliokuwa makarani na walimu, waliingia zamu za usiku.

Hawakuyanyamazia yote. Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha taipureta cha Imperial waligoma wakidai bonasi waliyopunjwa na kulalamikia ubaguzi. Viongozi wa chama chao cha wafanyakazi pale mjini walikataa kuwaunga mkono, nao wakaendelea na mgomo kwa takriban miezi mitatu. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Vya nguo na viatu vikafuata kimoja baada ya kingine, na Corah yenyewe haikumaliza miaka ya 1990.

Kwa maoni yangu, maduka tunayoyasifu yanatokana na pigo hilo pia, si na akili ya biashara tu. Aliyepoteza kazi kiwandani alitafuta kibanda cha kupanga, na Belgrave Road ilikuwa na vyumba vya maduka vilivyoachwa wazi. Leo barabara hiyo ni ya dhahabu, sari na vyakula. Muhogo wa kukaanga unaupata, na taa za Diwali huwashwa hapo kila mwaka tangu 1983. Daraja la juu lililokuwa limeikandamiza upande wa mjini lilibomolewa mwaka 2014, na wenyeji wakashukuru.

Lakini watoto wamehamia vitongoji vya Oadby na Hamilton, na nyumba za Belgrave sasa zinakaliwa na wageni wengine, wakiwamo watu wa Daman na Diu, sehemu za India zilizowahi kutawaliwa na Ureno, waliopitia Ureno. Wazee waliobaki Kiswahili chao bado kizima. Huulizwa habari zao kwa Kiingereza, wakajibu kwa ufupi, ilhali kwa Kiswahili utawasikiliza mpaka chai ipoe.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mfungue ukurasa wa kumbukumbu zao, kwa lugha wanayoisimulia vizuri. Na mwandishi wenu akija, asiishie kwa mwenye duka la dhahabu. Amtafute mama aliyeshona fulana Corah, na mzee aliyesimama nje ya lango la Imperial mwaka 1974. Mimi niko tayari kumpeleka nyumba kwa nyumba.

Msomaji wenu,
Belgrave, Leicester, Uingereza