Muujiza wa Paris na kadi zetu za kliniki

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako kimya kimya, hata pale mlipoandika ovyo. Ila ile habari ya Profesa Alain Fischer wa hospitali ya Necker, Paris, mliyoipa kichwa cha "muujiza", imenishinda kuinyamazia.

Kazi yake siibezi. Mwaka 1999 yeye na Marina Cavazzana walianza kuwatibu watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili, kwa kutia jeni isiyo na kasoro katika chembe za uloto wa mifupa yao wenyewe, na wengi wakapata kinga. Mlichokiruka ni kwamba baadaye wanne walipata saratani ya damu, mmoja akafa, na jaribio likasimamishwa. Fischer hakulificha hilo. Mmelificha nyinyi kwa niaba yake.

Sasa niseme la kwetu. Mtoto wa kiume wa mdogo wangu wa kike alichomwa sindano ya chanjo ya kifua kikuu begani alipozaliwa, kama watoto wote. Kidonda kikagoma kufunga. Ukafuata uvimbe kwapani, utando mweupe mdomoni usiosikia dawa, nimonia juu ya nimonia. Hospitali tuliyokwenda wakampima Ukimwi, wakarudia, wakampima mama yake, na majibu yalipotoka safi nesi akamwuliza mbele za watu kama ana uhakika na baba wa mtoto! Swali la maana, ambalo halina gharama, hakuna aliyeliuliza: kwenu kuna watoto wa kiume waliokufa wachanga? Mama yetu alikuwa pale pale kwenye benchi na chupa yake ya chai, angewajibu: wanangu wawili. Aina hii ya ugonjwa wa kuzaliwa bila kinga hubebwa na mama ikawaangukia wana wa kiume, na chanjo ile ina vijidudu hai, vilivyodhoofishwa kweli, lakini kwa mtoto asiye na kinga hugeuka maradhi. Kipimo cha kawaida cha damu kilishaonyesha limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, zimepungua mno. Karatasi ikawekwa kwenye faili, faili likapotea.

Na hayo mafaili! Dirisha la kulipia lina kompyuta na printa. Kwa daktari unaingia na daftari la mistari ulilonunua getini.

Jina la ugonjwa, ule ule wa watoto wa Fischer, tulilisikia kwa daktari mwingine, muda umeshapita. Tulimzika kabla hajasimama dede.

Msituambie haya ni ya Ulaya. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Lakini mtoto asiye na kinga huwezi kumpandikizia uloto kama hukumtambua.

Naiomba Wizara mstari mmoja tu kwenye kadi ya kliniki, chini ya uzito wa kuzaliwa, usomwe kabla ya sindano: "Kaka wa mtoto au mjomba wake aliyekufa mchanga: yupo/hayupo." Fedha za kuchapa kadi mpya zikikosekana, muhuri wa mpira unatosha. Wa zahanati ya kata yetu nimeshauagiza kwa fundi wa stendi, wino mwekundu.

Msomaji wenu,
Morogoro