Nyumba mabondeni: tusisubiri ukuta ufike kwenye lenta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya nyumba mpya zinazojengwa mabondeni mkoani kwetu Lindi. Mafuriko ya Januari 2020 wilayani Kilwa yaliua watu na kubomoa nyumba. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ikakatika Somanga. Na bado watu wanachimba misingi palepale maji yalipopita.

Sheria ipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Tatizo ni namna viwanja vinavyouzwa. Mwenye shamba la mpunga analikata vipande kiangazi, ardhi ikiwa kavu kabisa, na mauziano yanaandikwa mbele ya mashahidi wawili watatu. Mnunuzi, mara nyingi mgeni, hajui kwamba mvua zikikolea hapo hapapitiki. Akimwaga kifusi kuinua kiwanja chake, maji anamhamishia jirani. Ofisa mipango miji anafika ukuta ukiwa kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, anachora X nyekundu ya kubomolewa. Kwa nini asifike siku ya mauziano?

Simlaumu anayejenga. Kiwanja kilichopimwa sehemu ya juu ni ghali. Halmashauri zipime huko kwanza, ziuze kwa awamu, na ramani ya mikondo ya maji ibandikwe kila ofisi ya mtaa na kijiji, tena kabla mvua hazijaanza.

Mkazi wa Lindi