Malalamiko Kuhusu Safari ya Mashua ya Matanga ya Familia Yangu katika Visiwa vya Ugiriki

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA VISIWA VYA CYCLADES, MWEZI AGOSTI, NA MADAI YA KUREJESHEWA SEHEMU YA MALIPO

Nakuandikia kulalamikia safari ya mashua ya matanga ambayo kampuni yenu iliiuzia familia yangu mwezi Agosti mwaka huu, ya kuzunguka visiwa vya Cyclades nchini Ugiriki kuanzia bandari ya Lavrio, kusini-mashariki mwa Athens, hadi kisiwa cha Santorini na kurudi. Ofisi yenu imekwisha kunijibu kwa barua pepe kwamba hali ya hewa iko nje ya uwezo wenu na kwa hiyo hamna la kulipa. Jibu hilo silikubali, na sababu zangu ni hizi.

Silalamikii upepo. Sisi ni watu wa pwani, na kwetu hakuna anayemdai nahodha nauli kwa sababu kusi imechafua bahari. Ninalolalamikia ni kwamba upepo uliotuzuia haukuwa wa kushtukiza hata kidogo. Unaitwa meltemi, huvuma kutoka kaskazini katika Bahari ya Aegean kila kiangazi, hasa Julai na Agosti, na huweza kushika siku kadhaa mfululizo huku anga likiwa jeupe bila wingu. Si ajabu kufikia nguvu ya 6 au 7 katika kipimo cha nguvu za upepo cha Beaufort, na nguvu ya 7 ni upepo wa kilomita 50 hadi 61 kwa saa. Kampuni inayopokea fedha za watu ili iwapeleke kwa matanga katika visiwa hivyo haiwezi kusema haikuujua, na kama kweli haikuujua, basi haikupaswa kuiuza safari hiyo.

Nahodha tuliyepewa, ambaye namshukuru kwa uangalifu wake, alitueleza jambo hili akiwa ametandaza ramani juu ya meza ya chakula. Kutoka kisiwa cha Paros kwenda Santorini, alisema, si kazi, kwa sababu upepo unakusukuma kwa nyuma. Kazi ni kurudi, maana njia yote ya kuelekea Lavrio inakwenda kaskazini, upepo ukikupiga usoni na mawimbi yakiwa mafupi na makali, ilhali mashua ina siku yake ya kurejeshwa kwa mwenyewe. Nahodha mwenye watoto na bibi wa makamo ndani ya chombo hawezi kuichukua njia hiyo, na mimi binafsi nisingekubali aichukue. Alituambia pia, mbele ya mke wangu, kwamba alipoiona ratiba yenu kwa mara ya kwanza alimwandikia mwenye mashua kuwa haifai kwa Agosti, na kwamba maoni hayo yalifikishwa kwenu kabla hatujaondoka Dar es Salaam. Sisi hatukuambiwa neno. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu bado tulikuwa na nafasi ya kubadili.

Na pa kubadilishia palikuwepo. Visiwa vya Ghuba ya Saronic, yaani Aegina, Poros na Hydra, viko jirani na Athens na vimekingwa zaidi. Upande wa magharibi kuna Corfu, Lefkada na Kefalonia katika Bahari ya Ionian, ambako meltemi haifiki kwa nguvu hiyo. Familia nyingi zenye watoto hupelekwa huko katika miezi ya joto. Mngetueleza, tungechagua mojawapo kwa furaha, pengine kwa bei nafuu zaidi. Badala yake kipeperushi chenu kiliitaja Santorini kama jambo la hakika, kikiwa na picha yake ukurasa wa mbele, na hakikuwa na mstari hata mmoja kuhusu upepo.

Matokeo yake, tulifika visiwa vya Kythnos na Syros, kisha Paros tukakwama. Tukiwa tumefungwa gatini Parikia, bandari ya Paros, kamba zikilia usiku kucha, tuliziona feri kubwa zikiingia na kutoka kwenda Naxos na Santorini kila siku. Nilipiga simu ofisini kwenu kuomba mtukatie tiketi za feri ili angalau watoto waione Santorini kwa siku moja, nikajibiwa kwamba mkataba ni wa mashua na feri haimo. Kwa fedha zetu wenyewe tulivuka hadi Naxos, tukaliona lango kubwa la marumaru la hekalu la Apollo ambalo ujenzi wake haukukamilika tangu karne ya 6 kabla ya Kristo. Kwenda Santorini, kwa bei za Agosti na kwa idadi yetu, hatukumudu. Mwanangu wa kwanza alikuwa amesoma sana habari za Akrotiri, mji wa kale wa Santorini uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na ndio uliomfanya aisubiri safari hii. Kisiwa cha Delos, nacho kikiwa kwenye ratiba, hatukukikaribia.

Kuna jambo la pili, ambalo ni la usalama. Tulipopanda mashua hapakuwa na jaketi okozi hata moja la mtoto. Nahodha alituonyesha orodha ya abiria iliyotumwa na ofisi yenu: sote tuliandikwa kuwa watu wazima, wakati nakala za pasipoti za watoto mlikuwa nazo. Tulijaribu kumvika binti yangu mdogo jaketi la mtu mzima; kola yake ilimfika juu ya masikio, na hata mama yangu alipolikaza kwa kanga kifuani, lilipanda na kumziba mdomo. Nahodha alikataa kung'oa nanga, na alikuwa na haki. Tulilala Lavrio hadi yalipopatikana majaketi dukani asubuhi yake, na niliyalipia mimi. Stakabadhi nimeiambatisha, pamoja na nakala ya ratiba, kipeperushi na tiketi za Naxos.

Kwa hiyo naidai kampuni yenu theluthi moja ya bei niliyolipa, kwa sehemu ya safari ambayo mliiuza mkijua kuwa haielekei kufanyika. Nadai pia gharama za feri na za majaketi ya watoto. Na maelezo ya maandishi kuhusu ni nani alipokea ushauri wa nahodha na kwa nini haukutufikia. Nataka pia ratiba hiyo iondolewe katika matangazo yenu ya Julai na Agosti, au iandikwe wazi kwamba Santorini inategemea upepo, kwa sababu naona bado mnaitangaza vilevile kwa mwaka ujao.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Nisipopata majibu ya kuridhisha, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu huduma anayomuuzia. Majibu naomba yawe ya maandishi na yenye saini ya mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Simu sitazipokea kuwa majibu.

Wako,
Mteja wenu, kwa niaba ya familia yangu.