Barua kwa Zuhura: nani anakula salio la Mama

Mwanza, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Habari za Tanga, za watoto, za baba watoto, za mguu wa mama mkwe? Huku sisi wazima, Alhamdulillah. Mvua inanyesha mchana kutwa na dagaa hawakauki, lakini tunakula. Tangu harusi ya Mwanaidi hatujakaa tukaongea vizuri na nina mengi ya kukwambia, ila leo naanza na la Mama, maana linaninyima usingizi.

Usishtuke, haumwi. Magoti ndiyo yale yale. Ni simu yake.

Kwa muda sasa nikimrushia Mama salio, halilali. Namrushia elfu moja jioni, asubuhi akitaka kumpigia Mjomba Athumani anaambiwa salio lake halitoshi. Na Mama hapigi simu hovyo, unamjua: atakubipu mpaka umpigie wewe. Basi swali likawa moja tu mle ndani Muheza, nani anakula salio la Bibi?

Shangazi Mwanahawa akalijibu. Akasema ni Jabiri, huyu mtoto wa Kidawa.

Eti watoto wa siku hizi wanajua kuhamisha salio, anajirushia kwenye laini ya rafiki yake wanunue kifurushi waangalie mpira. Hakumkuta, hakuona chochote kwa macho yake. Hoja yake ni kwamba nani mwingine pale nyumbani anajua kubonyeza simu. Mtoto akaapa, akalia, akachapwa juu ya kuapa. Tangu siku hiyo haruhusiwi kuigusa simu ya bibi yake. Nilipomwambia Kidawa, yuko kazini kule Muscat, hawezi kuja hata akitaka, alilia kwenye simu nikakosa neno la kumpa. Mtoto wa darasa la tano, mama yake yuko mbali, halafu anaitwa mwizi na watu wa nyumbani kwao.

Zuhura, Jabiri ndiye aliyekuwa anamsomea Mama meseji. Macho ya Mama hayaoni tena maandishi madogo ya kile kitochi. Kila jioni walikaa barazani, Jabiri anasoma, Mama anaitikia. Alipokatazwa simu, meseji zikawa zinaingia tu, hakuna wa kuzifungua. Na mwizi wa salio yuko humo humo ndani ya meseji, kajitaja mwenyewe.

Nimejua kwa sababu Tatu alipita Muheza akielekea Dar, nikamwomba afungue simu ya Mama anisomee. Akanisomea hivi: ndugu mteja, huduma yako ya dondoo za afya imehuishwa, umekatwa shilingi 150, kujiondoa tuma neno ONDOA kwenda namba fulani ya tarakimu tano. Chini yake nyingine, ya mambo ya nyota. Chini yake tena ya afya, ya juzi yake. Nikamwambia endelea kushuka, akasema dada, zimejaa mpaka chini. Halafu basi likapiga honi akakimbia, na Tatu akishafika Dar unajua tena, kumpata ni bahati.

Hebu piga hesabu. Shilingi 150 kwa siku ni 4,500 kwa mwezi, na hiyo ni huduma moja. Zikiwa mbili ni 9,000. Kwa Mama hiyo ni sukari, sabuni na mafuta ya taa. Wanamkata kwa dondoo za afya asizoweza kuzisoma, na nyota ambazo Mama ukimtajia anakwambia astaghfirullah.

Tena sanduku la meseji likijaa kwenye simu zile ndogo, meseji nyingine haiingii mpaka ufute. Ndiyo maana nilipomtumia ile hela ya mbolea alisema haijafika, na ilikuwa imefika. Kikundi chao cha VICOBA walimtumia taarifa ya kikao hakuiona, wakamtoza faini ya kutohudhuria. Yote hayo kabebeshwa Jabiri, kwamba anafuta meseji za bibi yake kuficha wizi.

Sasa amejiungaje, na Mama hajui hata kuandika meseji? Hili nimelifuatilia, nimewauliza wanaojua. Kwenye kitochi kuna matangazo yanayojitokeza yenyewe juu ya kioo, yakakaa hapo na Sawa upande huu na Ghairi upande ule. Mtu mzima anataka kioo kimtokee apige simu yake, anabonyeza Sawa, basi keshajiunga. Au simu inaita, ukipokea ni sauti iliyorekodiwa, bonyeza moja upate hiki na kile. Au unampigia mtu mwenye wimbo badala ya mlio, ukigusa nyota wimbo unahamia kwako, na makato juu. Ikishaingia, huduma inajihuisha yenyewe kila siku. Wakikuta salio sifuri hawaondoki, wanajaribu tena na tena. Ukiweka vocha tu wao wanakuwa wa kwanza mlangoni. Hapo ndipo elfu moja ya jioni inapokwisha kabla ya asubuhi, maana wanachukua na ya siku walizokosa.

Nimepiga 100 kutoka huku kwa laini yangu, tena mtandao ule ule wa Mama. Dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza vizuri, nisimseme vibaya, ila akasema hawezi kugusa laini ya mtu mwingine, apige mwenyewe mwenye laini kwa simu hiyo hiyo. Nikamwambia mwenyewe haoni menyu. Akasema basi awepo mtu wa kumsaidia.

Mtu mwenyewe ni wewe, shoga yangu. Sina mwingine pale. Shangazi sitaki aishike simu hiyo, na Jabiri hata akiruhusiwa leo, ataogopa kuigusa.

Nakuomba siku utakayokwenda Muheza upite nyumbani, na umwambie Mjomba Athumani naye awepo. Mjomba ni muhimu. Unakumbuka ule usajili wa alama za vidole wa 2019, tulivyokimbizana kabla laini hazijaanza kufungwa Januari 2020? Vidole vya Mama viligoma kwenye mashine, jembe limeshavilainisha vyote, na nahisi laini iliishia kwenye kitambulisho cha Mjomba. Ukifika piga *106# kwa simu ya Mama uone jina gani limesajiliwa. Kama ni la Mjomba, wale wa 100 watamuuliza yeye namba yake ya NIDA, kwa hiyo awe nayo mkononi, asiseme iko kwenye kabati kule shambani.

Kabla ya kufuta meseji hata moja, tafadhali zipige picha kwa simu yako, kila huduma na namba yake, na tarehe zionekane. Usifute kwanza! Ndio ushahidi wenyewe. Ndipo utume lile neno la kujiondoa kama lilivyoandikwa, kila huduma kwa namba yake. Wasipojibu kwamba umeondolewa, hapo ndipo mpige 100, na uwaambie wazi: ondoeni huduma zote za kulipia kwenye laini hii, na wimbo wa kuitikia kama upo. Wakupe namba ya taarifa ya lalamiko, uiandike. Usikate simu bila hiyo namba.

Na Mwalimu Sefu akikwambia utume kwenye 15040, mwambie hapana. Ile ni ya kuwaripoti matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Haya ni makato ya huduma, njia yake ni nyingine: unaanza na kampuni yenyewe, wakikuzungusha unakwenda TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano. Ndiyo maana naitaka hiyo namba ya taarifa. Huku Mwanza ipo ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa; nikipata picha zako na hiyo namba nakwenda mwenyewe. Nataka hela ya Mama irudi. Wenzangu kazini wananiambia achana nayo, shilingi 150 unaifuatilia ya nini. Lakini wazee kama Mama wako wangapi Muheza peke yake, wanakatwa 150 kila siku na hakuna anayewasomea? Kwa sababu ni ndogo ndiyo maana hakuna anayekwenda kulalamika, nao wanalijua hilo.

Nimeamua pia simrushii tena salio la kawaida, mpaka nihakikishe. Namnunulia kifurushi cha dakika moja kwa moja kutoka kwenye simu yangu, kiingie kwenye laini yake. Makato haya yanakula salio kuu, dakika za kifurushi hayazigusi. Mweleze Mama, asije akapiga *102# akakuta sifuri akadhani nimemsahau.

Hamza yeye anasema dawa ni kumnunulia Mama simu janja, tumalize. Nimekataa. Huko nako kuna wezi wao. Kijana wa duka la simu hapa jirani alinionyesha habari ya Joker, programu zilizokuwa zikijificha kwenye duka la Google kama vitu vya kawaida tu, za picha, za kuandikia meseji, kumbe zinakuunganisha na huduma za kulipia kimya kimya. Google wenyewe walisema Januari 2020 kwamba walishaziondoa 1,700. Na mwaka huo huo, Agosti, kampuni ya usalama iitwayo Upstream ikaeleza kuhusu simu za bei nafuu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, ambazo zilikutwa na virusi vya aina hiyo tangu zinatoka kwenye boksi. Mtu kanunua simu mpya kwa jasho lake na mwizi kapewa humo humo! Mama abaki na kitochi chake, betri inakaa siku nne na akikidondosha kinaokotwa kinaendelea.

Lakini Zuhura, kuna jambo moja nalitaka kuliko hiyo hela. Nataka Shangazi awepo. Mtakapopiga 100 weka spika, kaa naye jirani, na umuulize yule wa huduma kwa wateja kwa sauti: salio la laini hii linakwenda wapi? Wataje wenyewe, dondoo za afya shilingi kadhaa, nyota shilingi kadhaa, tarehe fulani na fulani. Asikie kwa masikio yake. Mimi nimeshamweleza kwa simu, akanijibu "haya mwanangu", ile haya yake unayoijua, ya kufunga mazungumzo. Hawezi kuniamini mimi niliye Mwanza kuliko alivyojiaminisha mwenyewe.

Usimtoe aibu mbele ya watu. Ni shangazi yetu, katulea, na bila yeye Mama angekuwa peke yake usiku. Muite tu pembeni kwa heshima, mwambie Saumu kaomba usikilize na wewe. Ila asikie. Na Jabiri awepo pia, asikie kwamba watu wazima wamesikia. Ukiweza, mrudishie kazi yake hapo hapo: mpe simu amsomee bibi yake zile meseji zote, moja moja, kabla ya kuzifuta. Mwambie na akiona Sawa na Ghairi imejitokeza kwenye kioo, abonyeze Ghairi.

Nauli nakutumia kesho, na usinirudishie kwa jeuri zako. Ukipita sokoni Muheza wachukulie watoto machungwa, unibebee na mimi Mwanaidi akija huku, haya tunayouziwa Mwanza yamechoka na safari.

Sasa nijibu. Unakwenda Muheza lini, wiki hii au mpaka shule zifunge? Mjomba Athumani ulimwona mara ya mwisho lini, bado ana ile simu isiyopokelewa? Laini yako mwenyewe umeiangalia, hujawahi kuona salio likipungua bila kupiga? Mama mkwe je, nani anamsomea meseji zake? Jabiri ulimwona kwenye maulidi, au walimwacha nyumbani? Alikuwa anaongea na wenzake? Kidawa ananiuliza kila siku na sina cha kumjibu, kwa hiyo ukimwona tu, hata kama hujafanya lolote jingine, nitumie ujumbe usiku huo huo.

Nisalimie wote, na umbusu Rukia.

Wako,
Saumu