Barua kwa somo yangu kuhusu mtihani wa aljebra

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Sisi hatujambo, mtoto kikohozi kimemwisha. Picha ya daftari lako niliipata juzi nikiwa kazini, sikutaka kukujibu kwa maneno mawili ya simu.

Umeniandikia kwamba −3² umepata 9, kitabu kinasema −9, na kwamba labda hesabu zimeshakutupa mkono. Swali hilohilo nami nilikosa. Kipeo kimemshika 3 peke yake, ile hasi imebaki nje. Ingekuwa ndani ya mabano, (−3)², hapo ungepata 9. Na sababu ya sisi wawili kukosea mahali pamoja naijua: tuliimba MAGAZIJUTO darasa moja. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Vipeo havimo! Tena JU imetangulia TO, kwa hiyo ukipewa 10 − 4 + 3 unajumlisha 4 na 3 kwanza, unatoa 7 kwenye 10, unapata 3, kumbe jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unavifuata vilivyopangwa kutoka kushoto. Kuzidisha na kugawanya hali kadhalika. MAGAZIJUTO siidharau, imetulea. Wewe weka vipeo baada ya mabano na uendelee nayo.

Sasa nikueleze nilivyousomea huu mtihani wa CLEP, ule wa kupata krediti za chuo bila kukaa darasani, maana wiki sita za mwanzo zilinipotea bure na sitaki zikupotee na wewe. Nilikuwa natazama masomo ya video ndani ya basi nikienda shifti ya usiku. Mwalimu akitafuta thamani ya x, kila hatua naiona wazi. Nikirudi asubuhi na karatasi tupu, sijui pa kuanzia. Nikajipima kwa maswali 60 ya majaribio, nikapata 22. Nililia, somo, sikufichi. Kesho yake nikayapitia yale 38 niliyokosa, moja moja, nikitegemea kukuta logarithimu na namba changamano. Nilichokuta zaidi ni sehemu na alama za hasi. Mambo ya darasa la tano na la sita! Aljebra nilikuwa naielewa, ila nikifika kwenye 2/3 − 3/4 mkono unateleza na swali zima linaharibika.

Nikaacha kitabu cha aljebra wiki mbili nzima, nikarudia sehemu mezani pamoja na mwanangu. Halafu nikafungua daftari la makosa. Ukurasa wa kushoto naandika swali na kosa langu kama lilivyo, bila kulifuta. Ukurasa wa kulia naubakiza wazi, na baada ya siku tatu nafanya upya bila kuchungulia. Swali silitoi humo mpaka nilipate mara tatu, kwa siku tofauti. Wazee ninaowahudumia wakishalala, saa tisa usiku hivi, ndio ulikuwa muda wangu.

Jambo lingine, soma kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Tulihesabu kwa lugha hii miaka saba kabla hatujaingia kidato cha kwanza. Zile fanksheni, yaani kanuni zinazopokea namba na kuirudisha imebadilishwa, ambazo ni kama 30% ya mtihani, zilinigomea hadi nilipokumbuka mashine za kule kwetu. Mahindi unayapitisha kwenye kukoboa, kinachotoka unakipeleka kwenye kusaga, unapata sembe. Ukiandika f(g(x)), g ndiyo ya kukoboa, iliyo ndani inaanza. Chukua g inayopunguza 2 na f inayopandisha kipeo cha pili, uwape 5: ukianza na g unapata 9, ukianza na f unapata 23. Mpangilio ukibadilika, unga unabadilika.

Kuhusu mtihani wenyewe: CLEP wana College Algebra na wana College Mathematics, na ni mitihani miwili tofauti. Mimi nusura nilipie ule ambao chuo changu hakiuhesabu kwa kozi ya uuguzi. Nenda ofisi ya msajili kwanza, uliza wanapokea upi na kwa alama ngapi. Alama ni 20 hadi 80. Inayopendekezwa ni 50, lakini kila chuo kina uamuzi wake. Ada haikufika dola 100, ila kituo cha mtihani nacho kinaweza kudai chake. Modern States wana kozi ya bure mtandaoni, na huwa wanatoa vocha ya ada kwa anayeimaliza, basi ulizia kabla hujatoa mfukoni. Maswali ni kama 60 kwa dakika 90. Kikokotoo kimo ndani ya kompyuta, chako hakiruhusiwi, kwa hiyo kizoee mapema. Jibu baya halikupunguzii alama, usiache swali wazi. Ukishindwa unasubiri miezi mitatu, kwa hiyo usijiandikishe mpaka umejipima nyumbani kwa saa mara mbili tatu na kupita.

Mimi nilipata 58, ikatokea palepale kwenye kioo. Krediti 3, na ada ya kozi nzima nimeiokoa. Nilipiga simu kwa mama nikiwa bado na koti, kwao ni usiku wa manane, akaamka akapiga vigelegele.

Daftari langu nakutumia kwa posta kesho, likikufikia nijulishe.

Na lile swali la pili kwenye picha, −2x < 6. Nimelikuza nikaona chini ya ufutio: ulikuwa umeandika x > −3, halafu ukafuta ukaweka x < −3. Ulipata, somo. Ukigawanya kwa namba hasi alama inageuka, na wewe uliigeuza. Rudisha lile la kwanza.

Akupendaye,
Somo yako