Risala ya Wachoraji wa Mandhari kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi, wazazi na wageni waalikwa,

Karibuni. Tunajua swali litakaloulizwa sana leo kuhusu picha zetu za dhahania, zinazobakiza maumbo na rangi chache tu za mandhari: "Sasa hapa mmechora nini?" Jibu liko ukutani. Picha tatu zilizo kulia kwako zote ni Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani hapa Mwanza. Ya kwanza ina nyufa, mawimbi, hata kinyesi cheupe cha ndege mnandi kilichochuruzika jiweni. Ya tatu imebaki na vipande vinne vya rangi na ule mchirizi mweupe.

Mheshimiwa, kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni kazi ya kupunguza, wala si kubahatisha. Mchoraji hukaa ufukweni, hufinya macho mpaka nyufa zipotee, kisha kwa mkaa huchora vijipicha vitano vya ukubwa wa kiganja, kwa viwango vitatu tu: giza, kati na mwanga. Giza la jiwe likikutana na giza la sura yake majini, huunganishwa kuwa umbo moja. Kisha anaondoka. Turubai hupakwa chumbani kwa kutazama vile vijipicha, si picha ya simu, kwani simu humrudishia kila jani aliloliacha.

Rangi nne zinatosha: bluu ya ultramarini, kahawia ya sienna, manjano ya udongo na nyeupe. Ultramarini na sienna zikichanganywa hutoa kijivu cha mawe yetu, tena kilichochangamka kuliko kile cha nyeusi na nyeupe. Brashi iwe ya inchi 2. Nyembamba humvuta mtu arudi kwenye nyufa.

Vipande vikilingana ukubwa, picha hugeuka shuka la viraka; ni heri maji yachukue theluthi mbili. Ukipaka kahawia juu ya bluu ambayo haijakauka turubaini, unapata tope. Akriliki, yaani rangi ya kuchanganywa na maji, ikizidishiwa maji hukosa mshiko na kutoka kama vumbi. Rangi ya mafuta hushika juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki juu ya mafuta hubanduka, na kwa kawaida hubandukia kwa mteja.

Njia hii si ngeni. Kati ya mwaka 1908 na 1912 Piet Mondrian wa Uholanzi alirudia kuchora miti hadi matawi yakawa mistari mitupu. Alianza na mti halisi, na ndiyo maana wanafunzi wetu hawaruki picha ya kwanza.

Mheshimiwa, wateja wengi hutaka mitumbwi na machweo, na hatuwalaumu. Tuna maombi mawili. Kwanza, chumba chenye madirisha mapana na kisicho na vumbi, picha za mafuta zikae hata wiki mbili zikauke bila kugusana. Pili, ukuta katika jengo moja la umma, tutundike picha zote tatu pamoja. Ya tatu ikitundikwa peke yake, lile swali litarudi.

Tunaomba kuwasilisha.