Mapenzi ya Spock na Uhura hayakuanza mwaka 2009

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo linalorudiwa kila mara kurasa za burudani zinapoigusa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani. Akitajwa Luteni Uhura, hutajwa mambo mawili: busu lake na Nahodha Kirk lililorushwa Novemba 22, 1968, na filamu ya mwaka 2009 iliyomfanya kuwa mpenzi wa Spock, ofisa kutoka sayari ya Vulcan anayefuata mantiki na kuficha hisia. Busu husifiwa kuwa kilele cha mapenzi katika tamthilia ile. Uhusiano na Spock nao huelezwa kuwa kiraka kilichobandikwa na watengenezaji wa siku hizi ili kuwavuta vijana. Yote mawili si kweli, na ushahidi mzito kuliko wote umo ndani ya Kiswahili chetu wenyewe.

Tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia Septemba 8, 1966 hadi Juni 3, 1969, misimu 3, sehemu 79. Sehemu ya kwanza kwenda hewani, "The Man Trap", iliandikwa na George Clayton Johnson. Anayetaka kujua Spock na Uhura walianzia wapi aitazame hiyo kabla ya nyingine yoyote. Kirk na Dakta McCoy wameteremka kwenye sayari. Kule juu, katika chumba cha usukani cha chombo cha angani Enterprise, Spock amekalia kiti cha nahodha. Uhura, ofisa wa mawasiliano mwenye asili ya Afrika, anamwambia kwamba akilisikia tena neno masafa atalia. Spock anauliza: kulia? Kisha anasema si jambo la mantiki kwa ofisa wa mawasiliano kulichukia neno masafa, kwa hiyo hana jibu. Uhura hamwachii. Anamwuliza mbona hamwambii kwamba yeye ni binti wa kupendeza, mbona hamwulizi kama amewahi kupenda. Amweleze basi sayari yake ya Vulcan inavyokuwa jioni tulivu, mwezi ukiwa mpevu.

"Vulcan haina mwezi, Bi Uhura."

"Sishangai, Bwana Spock."

Maongezi hayo hayafiki dakika 2, na yamefumwa kwa ustadi mkubwa. Uhura ndiye anayeanza, tena anaanzia kwenye neno la kazi, kisha anapanda hatua kwa hatua mpaka kwenye mwezi mpevu. Hamsifu Spock, anamtaka Spock amsifu yeye. Spock naye kati ya yote aliyoombwa anachagua lile moja lenye jibu la kisayansi, mengine anayaacha yakining'inia. Waliokulia kwenye mafumbo ya taarabu watautambua mchezo huo mara moja: asiyejibu hajakataa. Halafu neno la mwisho analipata mwanamke. Ukiyafuta majibu makavu ya Spock ukaweka maneno matamu, mandhari yote inapooza, kwa sababu kinachomfanya mtazamaji asogee mbele kwenye kiti ni ule ukuta aliousimamisha Spock na mkono wa Uhura unaoubisha.

Mwandishi hakuishia kwenye utani. Mara inaingia taarifa kwamba mmoja wa walioteremka amekufa. Spock haoneshi lolote. Uhura anamgeukia kwa ukali: mtu amekufa na wewe umekaa tu, na huenda ni Kirk, ambaye kwako ndiye aliye karibu zaidi na kuitwa rafiki. Spock anajibu kwamba kuonesha wasiwasi hakutabadili kilichokwisha kutokea. Kutoka utani hadi hasira, chai haijapoa. Mwanamke asiyemjali mtu hamkasirikii hivyo, na mwanamume asiyejali hajisumbui kujieleza.

Sasa kuhusu Kiswahili. Adui wa sehemu hiyo ni kiumbe anayeishi kwa chumvi, naye huinyonya kutoka miilini mwa watu mpaka wafe. Mtego wake ni matamanio. Huchukua sura aliyoikuta akilini mwa mwenzake. Mwanzoni watu 3 wanamtazama mwanamke mmoja kwa wakati mmoja: McCoy anamwona Nancy aliyempenda zamani, bado kijana, Kirk anaona mwanamke ambaye umri umeshampitia, na baharia Darnell anaona msichana mwingine kabisa aliyewahi kukutana naye. Kiumbe huyo akishapanda chomboni anamkuta Uhura kwenye ujia. Anageuka kuwa mwanamume mweusi mwenye sare, anamwambia anaonekana mpweke, kisha anamsemesha kwa Kiswahili.

Hapo pana jambo ambalo mtazamaji wa Marekani wa mwaka 1966 hakuweza kulihisi kama tunavyolihisi sisi. Kwa McCoy sura ilitosha. Kwa Uhura sura haikutosha, ilibidi na lugha. Katika sehemu ileile ambamo alimwomba Spock neno la kumtoa upweke akakosa, anayempa neno hilo, tena kwa lugha ya kwao, ni kiumbe aliyekuja kumuua. Anaponea chupuchupu. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling" ya Septemba 29, 1967, mashine iitwayo Nomad inamfuta Uhura kumbukumbu yote, na anapofundishwa kusoma upya kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Waandishi wa Marekani walijua walichokuwa wakifanya: walipotaka kumfikia Uhura wa ndani kabisa, walipita kwenye lugha hii.

Hata jina lilitoka huku. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya, nchi ambayo wakati tamthilia inaanza ilikuwa na uhuru wa chini ya miaka 3. Muasisi wa tamthilia, Gene Roddenberry, alilipenda neno akalibadili mwisho wake ili lisikike laini. Kisarufi Uhura si neno letu, lakini hakuna Mswahili anayelisikia asijue limetoka wapi. Katika sehemu ya Oktoba 18, 1968, "Is There in Truth No Beauty?", Spock, wakati huo akiwa amebeba akili ya balozi Kollos ndani yake, anamwangalia Uhura na kusema kwamba jina lake maana yake ni uhuru, kisha anamsifu kwa mshororo wa mshairi Mwingereza Byron. McCoy anasema huyo si Spock. Anapoulizwa kama anashangaa kwamba amemsoma Byron, anageuza kauli: ndiye Spock huyo. Sifa aliyoombwa mwaka 1966 ilitoka mdomoni mwake mwaka 1968, baada ya kupata kisingizio cha kuitamka.

Katikati ya miaka hiyo kuna mambo madogo yanayopita bila kelele. Juma moja tu baada ya "The Man Trap", katika "Charlie X", Spock anapiga kinubi cha Kivulcan kwenye chumba cha mapumziko. Uhura anaanza kuimba kwa kunong'ona juu ya nyuzi zake. Spock anamtazama, kisha anaendelea kupiga, safari hii akimfuata yeye, huku tabasamu dogo limemponyoka. Uhura anatunga beti za kumchokoza: ana masikio na macho ya kishetani, mabinti wa angani wajihadhari naye. Mtu anayepiga ala kusindikiza wimbo unaomsema yeye mwenyewe amesharidhia mengi. Nichols alikuwa mwimbaji wa kazi kabla ya kuwa mwigizaji, aliwahi kuimba na Duke Ellington, na ndiyo maana uchokozi ule unakaa juu ya mapigo bila kujikaza. Kisha, katika sehemu ya Septemba 22, 1967, Uhura yuko kwenye mitambo akiunganisha nyaya, ana hofu kwamba akikosea kidogo atauharibu mfumo mzima wa mawasiliano. Spock anamwambia hamfikirii mtu mwingine anayeiweza kazi ile kuliko yeye, aendelee. Kwa Spock hiyo ni shada la maua.

Busu la 1968 ni jambo jingine. Katika "Plato's Stepchildren" watawala wenye nguvu za kusogeza miili ya wengine kwa akili wanawakokota Kirk na Uhura, Spock na nesi Chapel, wakumbatiane mbele yao kwa burudani. Chapel anampenda Spock tangu msimu wa kwanza. Anapowekwa mikononi mwake kwa nguvu anasema kwa muda mrefu alitaka kuwa karibu naye, na sasa anachotaka ni kutambaa akafie mbali. Sentensi hiyo moja inaeleza busu zote mbili. Hapakuwa na ridhaa, na tamthilia yenyewe inasema hivyo waziwazi.

Ujasiri wa waliotengeneza sehemu hiyo siupunguzi hata chembe. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za kuzuia ndoa za weusi na weupe Juni 12, 1967, miezi 17 tu kabla. Nichols ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba wakubwa walitaka irekodiwe na picha isiyo na busu, na William Shatner, aliyemwigiza Kirk, akaiharibu kwa kuyapinda macho mbele ya kamera ili isitumike. Huo ni ushujaa wa waigizaji, na ukumbukwe hivyo. Televisheni ya Uingereza ilikuwa imeshaonesha busu la namna hiyo miaka kadhaa kabla, kwa hiyo lisiitwe la kwanza duniani. Na lisiitwe mapenzi. Wahusika walikuwa mateka.

Wengine huuliza: kama mvuto wa Spock na Uhura ulikuwa wa kweli, mbona haukupelekwa mbele? Jibu lipo kwenye utaratibu wa televisheni ya enzi hizo. Kila sehemu ililazimika kusimama peke yake, kwa sababu mpangilio wa kurusha haukufuata mpangilio wa kurekodi. "The Man Trap" yenyewe ilitangulia hewani ilhali nyingine kadhaa zilishatengenezwa kabla yake. Mpenzi wa wiki hii hakuruhusiwa kukumbukwa wiki ijayo. Ndiyo sababu mapenzi ya Kirk mengi hayashiki. Mfano mbaya kuliko yote ni "Requiem for Methuselah", iliyorushwa Februari 14, 1969. Chomboni kuna homa inayoua, nahodha ana saa chache za kupata dawa, naye ndani ya saa hizo anacheza dansi na mwanamke aitwaye Rayna na kumpenda kufa kupona. Saa haitoshi, na hatari imeegeshwa pembeni ili dansi ipite. Mwishoni Spock anamgusa Kirk aliyelala na kumwamuru asahau. Waandishi walilazimika kuyafuta mapenzi hayo kwa mkono.

Moja lililofaulu, "The City on the Edge of Forever" ya Aprili 6, 1967, lilifaulu kwa sababu kikwazo ndicho hadithi yenyewe. Kirk, akiwa amerudi nyuma katika wakati, anampenda Edith Keeler katika New York ya mwaka 1930, kisha anagundua kwamba Edith asipokufa, historia yote inaharibika. Kila tabasamu lao baada ya hapo lina uzito. Gari linapokuja, anamzuia McCoy asimwokoe. Hakuna haja ya kuja kufuta kitu.

Spock na Uhura waliponea mfumo huo kwa njia nyingine. Mapenzi ya kisa yanahitaji kumbukumbu, mazoea hayahitaji. Namna anavyomwita Bi Uhura, namna anavyomwachia neno la mwisho, kinubi, nyaya: hayo yanaweza kurushwa kwa mpangilio wowote na bado yakajengana. Waigizaji waliyabeba kutoka sehemu moja hadi nyingine hata pale mswada ulipokuwa kimya.

Kwa hiyo filamu ya 2009 ilichuma kilichopandwa. Jina la kwanza la Uhura, Nyota, ambalo halikutajwa katika sehemu zote 79, lilikuwa limeshatumika vitabuni, na filamu ikalithibitisha kwenye skrini. Mandhari ya lifti, pale Uhura anapomwuliza Spock aliyefiwa na mama yake anahitaji nini, naye anajibu kwamba anahitaji kila mtu aendelee kufanya kazi vizuri, imejengwa juu ya mwezi usiokuwepo wa Vulcan: swali la moyo, jibu la kazi. Kosa la filamu ni kuanzia mwisho. Inatuonesha wapendanao waliokwisha kupatana bila kutuonesha ukuta ukibishwa.

Basi, Mhariri, mtakapoandika tena habari za Uhura, wasomaji waambiwe kwamba siku ya kwanza ya tamthilia hiyo hewani alisemeshwa kwa Kiswahili, na kwamba siku hiyohiyo alimwuliza Spock kuhusu mwezi. Na kama ukurasa una nafasi ya picha moja tu, iwekwe ile ya kinubi, Spock ameketi na Uhura amesimama karibu naye akiimba. Ile ya busu imeshachapishwa vya kutosha.

Wako,
Msomaji, Tanga